Dakika Nzima Kando ya Kitanda

Mwezi wa saba upepo wa Singida hupenya hata blanketi mbili. Usiku ule nilikuwa kwenye benchi kando ya kitanda cha shangazi yangu, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya mkoa huu. Alikuwa amelazwa kwa nimonia, usiku wake wa pili. Yapata saa nane akaja muuguzi wa zamu, binti ambaye ningeweza kumzaa, saa yake imebanwa kwa pini kifuani, inaning'inia kichwa chini.

"Shikamoo, mama," alimwamkia shangazi.

Shangazi aliitikia marahaba, lakini neno lenyewe lilitoka vipande viwili. Katikati alivuta pumzi.

Muuguzi akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo ya moyo, mkono huo akaulaza juu ya kifua cha shangazi mwenyewe, akatulia. Nilidhani anahesabu mapigo. Macho yake yalikuwa yanatoka kwenye saa kwenda kwenye mkono ule uliokuwa unapanda na kushuka. Baadaye alinieleza kwamba mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha namna anavyopumua, kwa hiyo wao hufundishwa kuhesabu mgonjwa akidhani wanapima kitu kingine. Alikaa hivyo dakika nzima. Kisha akachukua chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaandika 34.

Nilisimama nikaitazama ile chati. Juu ya 34 yake, tangu jana asubuhi, safu ya upumuaji ilikuwa imejazwa hivi: 20, 20, 20, 20.

Muuguzi hakusema neno juu ya safu hiyo. Alimwinua shangazi akamwegemeza kwa mito, akaenda kumwamsha daktari, na baada ya muda mfupi mtungi wa oksijeni ulikuwa unasukumwa kati ya vitanda, magurudumu yakilia. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mwili unapoanza kuzidiwa, mara nyingi pumzi ndiyo hubadilika kwanza, kabla presha haijashuka, kabla mgonjwa hajachanganyikiwa. Shangazi alikuwa ameanza kuzidiwa tangu mchana. Karatasi ilikuwa inasema yuko salama.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma juu ya kazi hii ya uuguzi, na nikiwauliza wanaoifanya. Vyuoni wanaanza na somo ambalo wanafunzi wengi hulichoka mapema: nadharia za uuguzi. Majina ya wazungu, miaka, mafafanuzi ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mimi sikuona la kuchosha ndani yake. Niliona maelezo ya yule binti na saa yake.

Wa kwanza ni Florence Nightingale, ambaye kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Tunamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku katika hospitali ya jeshi kule Scutari, Uturuki, alikofika mwaka 1854 akiwa na wauguzi 38. Kinachosahaulika ni daftari lake. Mama huyu alihesabu. Alihesabu waliokufa kwa majeraha na waliokufa kwa maradhi ya uchafu, akachora michoro iliyoonyesha kwamba maradhi yaliua zaidi kuliko risasi, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Katika kitabu chake kuhusu uuguzi, kilichotoka mwaka uliofuata, sura moja nzima inahusu kuangalia: namna ya kumtazama mgonjwa, kuuliza swali linalopata jibu la kweli, kukumbuka ulichokiona. Kwake yeye muuguzi asiyeweza kuangalia alikuwa afadhali atafute kazi nyingine, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Jambo lake la kwanza kabisa lilikuwa hewa. Alitaka hewa ya wodini iwe safi kama ya nje, na papo hapo mgonjwa asipigwe na baridi. Anayelijua vizuri sharti hilo ni mtu wa Singida, kwa sababu hapa ukifungua dirisha mwezi wa saba unaingiza upepo na vumbi, na ukilifunga watu 40 wanapumua hewa moja hadi asubuhi, mwenye kifua kikuu na mwenye mguu uliovunjika. Usiku ule nilimwona muuguzi akifungua dirisha la upande ambao upepo hautoki, akahamisha kitanda cha bibi mmoja mzee asikae kwenye njia ya baridi. Hatua kama 10 za kutembea. Nightingale angempa alama zote.

Wa pili ni Virginia Henderson, Mmarekani, ambaye mwaka 1966 aliandika ufafanuzi unaofundishwa hadi leo. Kwa maneno yangu: muuguzi humfanyia mtu yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na hufanya hivyo kwa namna itakayomrudishia mtu huyo uwezo wa kujitegemea mapema. Aliorodhesha mahitaji 14 ya binadamu. La kwanza katika orodha ni kupumua.

Nilipofika hapo niliwaza wodi zetu. Kwetu mengi katika yale 14 hufanywa na ndugu. Ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, ndiye anayemgeuza, ndiye anayekuja alfajiri na chupa ya uji wa uwele na mchana na ugali na mlenda kwenye hotpoti. Anayeosha beseni ni binti wa mgonjwa, au mke wa kaka yake. Mtu anaweza kudhani basi muuguzi amepunguziwa kazi. Nadhani kazi yake imekuwa nyembamba na kali zaidi. Tukishaogesha na kulisha sisi ndugu, kinachobaki kwake ni kile ambacho sisi hatukijui: kuona. Nilikuwa nimekaa na shangazi tangu asubuhi, nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na sikuona kwamba neno marahaba limekatika.

Tungeweza kufundishwa. Dorothea Orem, mwingine katika orodha hiyo ya vyuoni, mwaka 1971 alieleza kwamba kuna wakati muuguzi hufanya yote, kuna wakati hugawana kazi na mgonjwa, na kuna wakati kazi yake ni kufundisha tu. Mkoa wa Singida una zaidi ya kilomita za mraba 49,000 na watu 2,008,058 kwa sensa ya 2022. Mgonjwa wa kisukari au presha akitoka Manyoni kurudi kijijini upande wa Mgandu, muuguzi wake kwa miezi inayofuata ni yeye mwenyewe na mtu anayempikia. Robo saa ya mafundisho wakati wa ruhusa ni tiba kamili, na mara nyingi ndiyo inayorukwa kwa sababu gari la kwenda nyumbani linasubiri. Tena mafundisho kwa lugha ipi? Mkalama peke yake ina Wanyiramba, Wanyisanzu, Wataturu na Wahadzabe. Mama Mhadzabe akiitikia kwa kichwa kwa heshima haina maana ameelewa vidonge vinne mara mbili.

Umbali huo huo ndio unaonifanya nipende karatasi moja kuliko zote zilizoko hospitalini. Inaitwa patografu. Mwaka 1972 daktari Hugh Philpott na mwenzake Castle waliichapisha wakiwa Salisbury, mji unaoitwa Harare leo. Tatizo lao lilikuwa letu: akina mama wengi walikuwa wakizalishwa na wakunga katika zahanati za mbali, daktari yuko hospitali kubwa, na mama aliyekwama huletwa akiwa amechelewa. Wakachora mstari unaopanda. Njia ya uzazi ikifunguka sentimita moja kwa saa, alama za mkunga hutembea juu ya mstari huo. Zikianza kuangukia upande wa kulia, hiyo ni tahadhari: aliye zahanati aanze kuita gari. Saa nne zaidi kuna mstari wa pili, wa kuchukua hatua, na hapo mama awe tayari yuko mahali penye upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa uchungu mwaka 2020 wenye mpangilio tofauti, lakini wazo ni lile lile. Mkunga aliye peke yake usiku amepewa kitu kinachomwambia: sasa. Siku hizi ana pia namba 115 ya mpango wa m-mama ya kuitia usafiri wa dharura bila malipo. Utafiti wa kitaifa wa afya unaonyesha vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Hayo yamejengwa na wengi, wakunga wakiwa wa mbele.

Ila patografu ina ugonjwa wake, ule ule wa safu ya shangazi. Wakati mwingine hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mstari unapanda vizuri, mapigo ya moyo wa mtoto yamenyooka kila nusu saa, na hakuna aliyeyasikiliza.

Jicho lenyewe bila kipimo nalo hudanganya. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kuhusu mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Chini ya mama liliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo, na damu ikizidi kiwango, tiba zote zinatolewa kwa mkupuo badala ya moja moja. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Walipokisia kwa macho, waligundua karibu nusu tu ya waliokuwa wanavuja kupita kiasi. Walipopima, walikosa wachache sana.

Sasa nirudi kwenye pumzi, maana kuna dawa moja ambayo imenifanya niione ile safu ya 20, 20, 20 kwa hofu zaidi. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Inaokoa maisha, na ikizidi mwilini inasimamisha upumuaji. Kila mwanafunzi wa uuguzi anajua zile sahihi tano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kwa dawa hii hazitoshi. Kabla ya dozi inayofuata muuguzi agonge goti aone kama mguu unaruka. Aangalie mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Na ahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Moja ya hayo likikosekana, sindano inawekwa chini, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, inakuwa karibu. Mfikirie mama huyo amefikia pumzi 11, na chati yake inasema 20.

Nimeuliza kwa nini 20 huandikwa. Waliojibu hawakujitetea sana. Usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi iliyojaa. Chukua wagonjwa 40: dakika moja kwa kila mmoja ni dakika 40 za pumzi peke yake, kabla ya joto, presha, dawa, dripu iliyotoka, na mgonjwa mpya mlangoni. Kwa hiyo mkono unajifunza kuandika namba isiyouliza maswali. Ninakataa kumtupia lawama zote mtu huyu, na ninakataa vile vile kusema haina neno. Aliyeandika 20 mara nne juu ya shangazi yangu alikosea, na mpango wa kazi uliomwacha peke yake ulikosea kabla yake.

Mwingereza James Reason, mtaalamu wa saikolojia, alieleza makosa ya namna hii kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Sisi tuna mfano wetu. Paa la tembe lina boriti, juu yake fito, juu yake majani, juu yake udongo. Kila tabaka lina ufa mahali fulani, na mvua haikupati kitandani mpaka nyufa zote zikutane mahali pamoja. Siku maji yanapoingia watu humfokea aliyepanda kukandika udongo mara ya mwisho. Fundi mwenye akili hupanda juu akaangalia tabaka zote. Hospitali zetu zinahitaji muuguzi aweze kusema asubuhi mbele ya wenzake, jana nilitaka kutoa dawa ya kitanda cha tano kwa kitanda cha sita, chupa zinafanana, na aambiwe asante, kisha chupa zitenganishwe siku hiyo hiyo. Akifukuzwa kazi kwa kusema, wa pili hatasema, na chupa zitaendelea kukaa pamoja.

Uuguzi katika mkoa huu una mizizi mirefu. Kiomboi na Iambi ziliota kwa wamisheni wa Kilutheri kutoka Marekani, Makiungu kwa masista wa Kikatoliki, Itigi ina St. Gaspar, na vizazi vya mabinti na vijana wa Singida wamevaa sare katika wodi hizo. Ujuzi upo. Kinachokosekana usiku ni watu wa kutosha kuifanya dakika iwe dakika.

Alfajiri ile, kabla ya kuondoka, yule binti hakutoa ripoti mezani. Alimshika mkono mwenzake wa zamu ya asubuhi akamleta hadi kitandani. Shangazi alikuwa amelala, mrija wa oksijeni puani, kifua kimetulia. "Huyu alikuwa 34 saa nane, saa kumi 28," alisema. "Hebu tuhesabu wote." Wakasimama mmoja upande huu na mwingine upande ule, vichwa wameviinamisha, kila mmoja akitazama saa yake. Wodi ilikuwa inaamka, mtu anaburuta beseni, nje jogoo wanawika. Nami nilihesabu nao kimya kimya, bila saa.

"Ishirini na nne," akasema wa asubuhi.

"Na mimi pia," akasema binti, ndipo akachukua kalamu.