Filamu Ianzie Makambako

Katika filamu nyingi za enzi ya Bongo Movie, msichana wa kazi anatoka Iringa. Tumeizoea hali hiyo mpaka hatuulizi tena. Geti linafunguliwa, binti anaingia na begi lake la nguo, mama mwenye nyumba anamwonyesha jiko, na hadithi inaanza. Hiyo "Iringa" mara nyingi ni Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Kabla ya kulifikia geti hilo, binti alifungashiwa nguo na mtu, akaagwa, akapanda basi Makambako, pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Tunduma. Alisafiri zaidi ya kilomita 600 kwenda Dar es Salaam akiwa na namba ya simu ya mtu asiyemjua. Hayo yote yalipita kabla kamera haijawashwa.

Ninamtaja kwa sababu ya swali wanalouliza wanafunzi wa sekondari wa Njombe na Makambako wanaopenda sinema: nifanye nini niwe mwongozaji wa filamu? Huwa wanajibiwa waende Dar es Salaam, watafute kamera, watafute chuo. Ushauri huo una ukweli wake, nami nitaufikia. Lakini kazi ya mwongozaji, kabla ya kamera, ni kuamua hadithi inaanzia wapi na inatazamwa kwa macho ya nani. Kuna mtu aliyeamua kwamba maisha ya binti yule yaanzie getini, na aliyeamua hivyo hakuwa mtu wa Njombe.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika, wakaweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, zikiwamo za kufundisha juu ya safura, mazao bora na kuweka akiba posta. Walioonekana kwenye picha ni Waafrika. Aliyeamua picha ikae vipi ni Meja Notcutt wa mradi huo na wenzake. Baada ya Uhuru Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, na filamu yake ya miaka ya sabini, Fimbo ya Mnyonge, ikamfuata kijana aliyekosa kazi mjini akaishia kwenye kijiji cha ujamaa. Waamuzi sasa walikuwa wenzetu, na hilo ni jambo kubwa, lakini mtu wa kijijini aliendelea kuwa mtu wa kufundishwa. Leo mwenye pesa ya kugharamia filamu fupi huko mikoani mara nyingi ni shirika lenye ujumbe wa afya. Njombe inaujua vizuri ujumbe huo: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote. Ujumbe umeokoa watu, siubezi. Ila mkoa unaoonekana kwenye skrini ukiwa ama unafundishwa ama unatumwa kazi, bado haujapata filamu yake.

Bongo Movie nayo iliacha pengo la namna nyingine. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, na wenzake wa kizazi kile walituonyesha kwamba Watanzania watanunua hadithi za Kiswahili zinazouzwa kwa DVD kutoka Kariakoo, na heshima hiyo hawawezi kunyang'anywa. Lakini kasi ya biashara ilimfanya mtu mmoja aandike, aigize kama staa, atafute fedha na aongoze. Aliyesimama mbele ya kamera hawezi wakati huohuo kukaa nyuma yake akamwambia mwenzake, "Hapana, rudia, sikuamini." Uongozaji ulimezwa na umaarufu. Ndiyo maana kijana anayeutaka leo hana picha ya wazi ya kazi yenyewe ilivyo.

Kazi yenyewe inaweza kuanzwa Njombe, na mahali pazuri pa kuianzia ni kwaya. Mji una makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT, na kwaya za makanisa yote hupenda kurekodi video. Anayeshuti kwaya hujifunza kupanga watu 30 kwenye fremu moja, kuwaelekeza wasiotaka kuelekezwa, na kuoanisha midomo na wimbo uliokwisha kurekodiwa studio. Harusi na kipaimara vina somo kali zaidi: tukio halirudiwi. Ukikosa pete ikiingia kidoleni, umekosa. Wapo wanaoidharau kazi hii, nami naiona kuwa shule, mradi kijana akimaliza akae na picha zake ajiulize kwa nini alisimama pale na si kule.

Sauti ndiyo itakayomsumbua zaidi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu, paina na mashamba ya chai huipa picha uzuri ambao mtu wa pwani atausafiria. Simu ya kawaida inaunasa uzuri huo. Lakini mvua ikipiga bati, mazungumzo yamekwisha. Makambako malori hayalali, na mashine za kupasua mbao hazisubiri msanii amalize sentensi. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza. Maneno asiyoyasikia hayavumilii. Kwa hiyo fedha ya kwanza inunue maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, na lenzi isubiri.

Vyuo vipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981 na sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu. Kampala kuna Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair, ambayo imekuwa ikiwakusanya vijana wa Afrika Mashariki kwa mafunzo mafupi ya uandishi na uongozaji. Amil Shivji alisomea filamu Toronto, akatengeneza filamu fupi kama Shoeshine ya mwaka 2013, akaja T-Junction, na mwaka 2021 Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Miaka minane, na ngazi moja baada ya nyingine: mwanafunzi aiangalie ratiba hiyo kabla ya kuota filamu ya saa mbili.

Aangalie pia Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi, akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40. Aliporudi alitengeneza Borom Sarret, mwaka 1963, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni mjini Dakar. Mtu mmoja, kazi yake, abiria wake, siku moja. Makambako haikosi watu wa namna hiyo, na stendi na stesheni ya TAZARA ziko palepale.

Basi filamu ya kwanza iwe ya dakika 10. Binti anafungashiwa nguo nyumbani. Mama yake anamwamkia mgeni aliyekuja kumchukua, "Kamwene," na mwongozaji anapaswa kuamua kama mazungumzo yataendelea kwa Kibena, na maandishi ya Kiswahili chini, au kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao bila kuifanya kichekesho. Ningechagua Kibena nyumbani na Kiswahili kianze stendi, kwa sababu hapo ndipo binti anapoanza kuzungumza na watu wasiomjua. Basi linaondoka, filamu inakwisha. Geti la Dar halionekani kabisa.

Kabla ya kushuti, aombe kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inakitaka, na filamu hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Ikishapita, mwenye banda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, aombwe dakika 10 kabla ya mechi ya jioni. Watazamaji hao wamelelewa na filamu za Kichina na za Kihindi zilizotafsiriwa kwa sauti na watu kama Lufufu, na hawana adabu ya kumalizia filamu inayowachosha. Mwongozaji akae nyuma, awaangalie wao badala ya skrini, aandike dakika ambayo wa kwanza anachukua simu mfukoni. Hapo ndipo pa kukata. Toleo la pili ndilo litumwe kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar.