MAMLAKA YA MUUGUZI WA MACHO KATIKA KUTOA TIBA

Mgonjwa wa macho anayehudumiwa na muuguzi mahala alipotarajia kumwona daktari bingwa huuliza: je, huyu anaruhusiwa? Suali hilo ni la haki, na jawabu lake halitokani na wepesi wa mikono peke yake. Muuguzi huvuka mipaka ya uuguzi wa kawaida pale tu zinapokutana sheria ya taaluma yake, sheria ya dawa, miongozo ya mabingwa, na idhini ya mwajiri atakayebeba dhamana lau jicho litadhurika.

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Mwaka 2008 chombo kinachoishauri huduma ya afya ya taifa hilo kiliidhinisha dawa ya ranibizumabu kwa wazee wenye maradhi yanayoharibu sehemu ya kati ya retina. Dawa hiyo huchomwa kwa sindano ndani ya jicho, milimita 3.5 hadi 4 nyuma ya ukingo wa kioo chake, na hurejewa mara nyingi. Mwanzoni kila mwezi. Kliniki zikafurika, na aliyecheleweshewa sindano alikuwa katika hatari ya kupoteza uoni usiorudi.

Sheria ya nchi haikuwa kikwazo. Tangu 2006 wauguzi waliofuzu mafunzo maalumu walikwisharuhusiwa kuandika takriban dawa zote, ila baadhi ya zile zinazodhibitiwa. Kikwazo kilikuwa kwengine: maelezo rasmi ya dawa yenyewe yalitaka ichomwe na daktari bingwa wa macho, na Chuo cha Kifalme cha Mabingwa wa Macho kilikuwa na msimamo huo huo. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure, kwani uambukizo ndani ya jicho, ingawa ni nadra, huweza kupofua. Mwaka 2013 Chuo kilikubali wauguzi, kwa masharti ya mafunzo na usimamizi. Maelezo ya dawa hayakubadilika kwa uamuzi huo, hivyo ilibidi hospitali zenyewe zichukue dhamana.

Huko Ethiopia njia ilifunguliwa na uhaba wa mabingwa. Wauguzi hufundishwa kupasua kope zilizopinduka ndani kwa ugonjwa wa trakoma, na utafiti uliochapishwa 2004 ulionesha kuwa matokeo ya watumishi wa aina hiyo hayakupishana sana na ya mabingwa. Kinachostahili kuigwa hapo si uhaba, bali desturi ya kumpima mpasuaji kabla ya kumkabidhi wagonjwa.

Kwa upande wa Zanzibar ikumbukwe kuwa afya si jambo la Muungano, na Visiwa vina Baraza lao la Wauguzi na Wakunga. Kwa hivyo muuguzi aliyesomea nje hurejea na elimu. Ruhusa haimo mkobani mwake. Wakuu wa vitengo wanaopanga nafasi za kazi wanapaswa kulizingatia hilo kabla ya mtumishi hajapelekwa masomoni, si baada ya kurudi.