Betri haikuwa na kosa

Taa za dashibodi zilianza kucheza kwenye foleni ya Tazara, saa mbili kasoro usiku. Nikikanyaga breki mwanga unafifia, nikiachia unarudi. Nikiwasha indiketa, mshale wa mafuta nao unaruka kwa mapigo yaleyale. Jirani niliyempa lifti alivumilia mpaka Mtoni, akashindwa: "Jirani, gari lako lina kwikwi?"

Mjini kwetu, gari likisumbua umeme, dawa ya kwanza ni betri mpya. Nikanunua, na kijana wa duka la betri, fundi wangu wa kwanza, akaifunga. Taa zikatulia siku tatu, ya nne zikarudia mchezo wao.

Fundi wa pili, kijana wa gereji bubu, alikuja na kipimo ambacho wengi mmekiona: injini inaunguruma, yeye anachomoa waya wa betri. Injini haikuzima, akatangaza kwamba alteneta ni nzima. Akitaka kukufanyia hivyo, mshike mkono. Mbinu hiyo ni ya enzi za dainamo. Kwenye gari la leo betri ndiyo inayozuia volti zisiruke ghafla, na ukiichomoa injini ikiwaka unaweza kuunguza daiodi za alteneta au kompyuta ya gari. Bei ya kompyuta ya gari tuiache.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, fundi umeme. Baada ya shikamoo hakugusa gari, aliuliza maswali. Taa kubwa nazo zinacheza? Gari likisimama tu, au hata mwendoni? Ukipita kwenye tuta je? Nilidhani anapoteza muda, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Ingekuwa zinacheza za dashibodi peke yake, angeanzia kwenye swichi ya kupunguza mwanga, soketi ya nyuma ya dashibodi, au balbu za LED walizopachika vijana wa urembo. Magari mengi hupunguza mwanga kwa kuukatakata umeme mara nyingi kwa sekunde. Balbu ya zamani huwa haioni tofauti kwa kuwa waya wake unabaki na moto, lakini LED huzima kila umeme unapokatika. Na ingekuwa zinapepesa harakaharaka, kasi ikipanda na injini, angeshuku daiodi. Alteneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, daiodi ndizo zinazounyoosha. Mojawapo ikifa, umeme unatoka na mawimbi.

Zangu zilikuwa zinacheza zote, na zaidi nikikanyaga breki. Akatoa mita. Injini imezimwa, betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Injini ikiwaka, 14.2. Kati ya 13.5 na 14.7 ndipo panapotakiwa, kwa hiyo alteneta ilikuwa inachaji sawasawa. Hapo wengi wangefunga boneti.

Yeye akaniambia niwashe kila kitu: taa kubwa, feni, redio, na nikanyage breki. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Kwa gari zima mita husoma karibu na sifuri, ikipita 0.2 kuna tatizo. Yangu ilisoma 0.8, ikapanda, ikashuka, na taa zikacheza nayo.

"Bosi, umeme wako unakwenda, haurudi," akasema.

Ndivyo gari lilivyojengwa. Waya wa chanya hupeleka umeme kwenye taa, lakini kuurudisha kwenye betri ni kazi ya bodi yenyewe, kupitia waya mfupi mweusi ambao mafundi huuita ethi. Ethi ikilegea au ikiota kutu, umeme hutafuta njia za panya, unapita hata kwenye saa za dashibodi. Ndiyo maana breki ilikuwa inazungumza na mshale wa mafuta.

Akaichomoa betri na trei yake. Chini yake, mahali waya unapofungwa na bolti, palikuwa na kutu yenye magamba, na ndani ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka kijani. Ukiuvuta kidogo, nyuzi zinakatika mkononi. Pwani hii ina unyevu na chumvi, na tindikali inayovuja kwenye betri inamalizia. Nikaelewa pia zile siku tatu za utulivu: kijana wa duka la betri aliutikisa waya huo alipokuwa anafunga, ukagusa vizuri kwa muda.

Kazi ilichukua kama nusu saa. Alipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakata waya mpya mnene wa futi moja na nusu, akabana vichwa vyake, akafunga kwa spana namba 10 na kupaka grisi juu. Akapima tena: 0.05.

Betri yangu ya zamani, nzima kabisa, nilikuwa nimeshaiacha dukani. Waliipokea kwa bei ya chuma chakavu.