Mvua ya mawe Kitale ilivyonilazimu kubadilisha paa

Ndugu zangu wa Kilifi hunicheka nikiwaambia kwamba mvua iliniharibia paa. Kwao mvua kubwa ni ile ya masika inayovujisha makuti yaliyochakaa. Ukipanda na makuti machache mapya, mambo yamekwisha. Barafu inayoanguka kutoka angani wameiona kwenye simu tu.

Mimi naishi Kitale kwa ajili ya kazi, na shemeji zangu wako Bungoma. Huku mvua ya mawe si kioja. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria husogea mchana, ikapandishwa na miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any. Mawingu yanarefuka, matone yanarushwa juu hadi kwenye baridi kali, yanaganda tabaka juu ya tabaka, kisha yanaanguka. Katika nchi za joto kama zetu, maji huanza kuganda kwenye kimo cha karibu mita 4,500 hadi 5,000. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jiwe halina safari ndefu ya kuyeyuka. Likielekea Mombasa lingepita karibu kilomita tano za hewa yenye joto, na lingefika likiwa tone la maji.

Nyumba yangu niliiezeka kwa vigae vya lami. Ni vipande laini vya nyuzi za kioo vilivyopakwa lami na kunyunyiziwa chembe za mawe, vinapigwa misumari juu ya mbao za plaiwudi. Vinapendeza, na mvua ikinyesha havipigi kelele. Nilivipenda kwa sababu hizo mbili, na sikumuuliza mtu yeyote kuhusu mawe.

Yalipoanguka, alasiri moja, yalidumu kama dakika kumi na tano. Nilitoka nikatazama paa nikiwa chini uani, nikaona liko zima. Hapo ndipo nilipokosea. Kigae cha lami hakivunjiki kama chungu. Jiwe linakigonga, chembe zinang'oka, na lami iliyokuwa imefichwa inabaki uchi juani. Jua linaikausha, inapasuka, na maji yanapata njia miezi kadhaa baadaye. Ni kama embe lililoanguka kutoka mtini: siku ile unaliona zima, ukilibonyeza baada ya siku mbili kidole kinazama.

Dalili zilikuwepo. Gata zilijaa chembe nyeusi kama mchanga, na tangi la maji ya mvua (huko kwetu tungesema jabia) lilikuwa na tope jeusi chini. Nilisafisha tangi, nikanyamaza.

Doa la kwanza kwenye dari lilitokea chumba cha watoto. Fundi wa jirani alipanda na kopo la lami, akapaka sehemu mbili, nikamlipa. Mvua iliyofuata ilivuja mahali pa tatu. Ndipo nikampigia simu shemeji wa Bungoma, ambaye ndiye fundi wa kweli katika ukoo. Alikuja kwa matatu kupitia Kiminini, akapanda na kutembea polepole akibonyeza kwa kidole gumba. Upande ulioelekea upepo ulikuwa umeumia wote. "Shemeji," akasema, "hapa unapaka rangi kidonda."

Tulipofungua, plaiwudi ilikuwa imevimba na kuachana tabaka. Boriti za saiprasi zilikuwa nzima, alhamdulillahi, maana zingeoza nazo ningejenga upya nusu ya nyumba.

Bima nilikuwa nayo, na dhoruba ilikuwa imeandikwa humo. Lakini nilikuwa nimechelewa kutoa taarifa, sikuwa na picha, na fundi wa lami alikuwa ameshafunika ushahidi. Mkadiriaji aliuliza atajuaje kwamba si uchakavu, nami sikuwa na jibu. Nililipwa sehemu ndogo. Kwa hiyo nakwambia, msomaji mwenye nyumba bara: mawe yakikoma, piga picha siku hiyo hiyo, weka sarafu ya shilingi 20 kando ya jiwe na kando ya alama kwenye kigae, kisha toa taarifa kabla hujagusa kitu.

Pesa zilizobaki zilikuwa za karo ya binti yangu. Mke wangu alikataa katakata zisiguswe, na alikuwa na haki. Tulikopa kwenye chama.

Shemeji alinishauri mabati ya rangi ya geji 28. Hapa watu wengi hukosea: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni rahisi mfukoni, lakini likishika kutu jiwe kubwa linaweza kulitoboa. La 28 hubonyea tu, na mbonyeo hauvujishi. Nyumba ya baba mkwe kule Bungoma ina mabati yaliyojaa vishimo vya miaka mingi, na ndani ni kukavu. Tena huku hakuna chumvi ya bahari inayokula bati kama Kilifi.

Plaiwudi tuliiondoa yote, tukapiga fito za 2 kwa 2. Misumari yenye raba ilipigwa kwenye mgongo wa bati, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Kazi ilifanywa Januari, kabla ya mvua kurudi. Ukifungua paa Aprili huku, umewaalika wageni wa maji.

Jambo moja la kuangalia kwa wanaonunua nyumba za zamani mjini: ukikuta paa la asbesto limevunjwa na mawe, usilipandie na usimwite kibarua alibomoe. Vumbi lake huharibu mapafu. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2006, na kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA.

Mawe yamerudi mara mbili tangu hapo. Kelele yake ndani ya nyumba haielezeki. Tulikaa tukitazamana midomo bila kusikizana, na mtoto mdogo akalia. Nilipanda kesho yake nikahesabu mibonyeo kumi na moja. Gata hazikuwa na chembe hata moja. Vigae vilivyokuwa vizima shemeji alivibeba Bungoma, akaezekea banda la kuku.