NJIA ZA RUSIZI NI SHULE KWA ASKARI MKRISTO

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Huye hadi Rusizi, wilaya iliyoko pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, hupita njia za kila namna kabla jua halijatua. Huanza kwa kupanda vilima vya Nyamagabe. Huingia msitu wa Nyungwe huko Kitabi. Hufika karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha huteremka katika mashamba ya chai ya Gisakura hadi Ntendezi, na kutoka hapo hadi Kamembe, mji utazamanao na Bukavu ng'ambo ya maji. Akiendelea kusini, barabara humshusha hadi uwanda wa Bugarama, penye mashamba ya mpunga, mahali palipo chini kuliko pote nchini, mita 950 hivi.

Kwa Mkristo, njia hizi si lami na udongo tu. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatueleza kwamba wafuasi wa Yesu walijulikana kuwa watu wa Njia hata kabla hawajaitwa Wakristo. Paulo aliongoka akiwa barabarani kwenda Dameski, tena akiwa na hati mkononi ya kuwakamata watu. Wanafunzi wawili walimtambua Bwana wao jioni, baada ya kutembea naye mchana njiani kwenda Emau. Kwa hiyo anayeitazama barabara kwa makini hawezi kukosa fundisho. Na askari, ambaye maisha yake mengi hupita barabarani, ana sababu zaidi ya kuitazama.

MGAWANYO WA MAJI

Ndani ya Nyungwe, msitu ulioingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Urithi wa Dunia, barabara hukata mgongo wa milima utenganishao maji ya mto Nile na maji ya mto Kongo. Mvua ni moja, wingu ni moja. Lakini tone liangukalo upande wa mashariki huanza safari ya kwenda Misri na bahari ya Mediterania. Na lile la upande wa magharibi huingia mto Rusizi, likafika ziwa Tanganyika, na hatimaye hutokea bahari ya Atlantiki.

Ndivyo yalivyo maamuzi ya mwanadamu. Askari hupokea noti ya kwanza asiyostahili, au huikataa. Huandika kwenye kitabu cha zamu yale aliyoyaona, au huandika aliyoambiwa ayaone. Siku hiyo tofauti ni ndogo, wala hakuna aionaye. Lakini baada ya miaka kumi, watu wawili waliosimama pamoja kileleni hukutwa wakiwa mbali kama bahari moja na nyingine. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata hiyo njia fupi huanza na hatua moja.

KONA NA MTEREMKO

Barabara ya Nyungwe ina kona nyingi, ukungu mzito, na nyakati za mvua udongo huporomoka na kuifunga. Dereva mwenye kiburi hujifunza hapo kwamba cheo hakiondoi ukungu. Hapana budi apunguze mwendo, awashe taa, na pengine azime injini angoje njia isafishwe. Subira ambayo Mtume Paulo aliihesabu miongoni mwa matunda ya Roho si ulegevu. Ni nguvu iliyofungwa hatamu.

Lakini wazoefu wa magari watakuambia kwamba mpando hutisha tu, na mteremko ndio uuao. Penye mpando injini huunguruma na dereva hukesha. Penye mteremko gari hujiendea lenyewe, mzigo husukuma kutoka nyuma, na asiyeshika gia ndogo mapema huona breki zikishika moto. Yesu alipoonya juu ya njia pana iliyo rahisi, hakuwa akizungumzia ubaya wa lami nzuri. Alikuwa akizungumzia mahali ambapo mtu haoni tena haja ya kujizuia. Askari aliye vitani au mafunzoni hujua kwamba yumo hatarini. Yule aliyepewa kituo chenye utulivu, mamlaka na watu wa kumwamkia ndiye anayeteremka.

Liko na fundisho la upande wa barabara. Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam huendesha kushoto mpaka Rusumo. Akiisha kuingia Rwanda huendesha kulia. Hakuna dhambi katika kubadili upande, kwani kila nchi ina sheria yake, na Mkristo huitii. Lakini usukani ni ule ule na macho ni yale yale. Sheria za barabara hubadilika mpakani, dhamiri haibadiliki.

DARAJANI

Mto Rusizi hutoka ziwa Kivu na kuwa mpaka kati ya Rwanda na Kongo. Kwa miaka mingi madaraja yake yamevukwa na wanawake wenye vikapu vya mboga, samaki na kuku, ambao faida yao ya siku huweza kutoshea katika kiganja. Hapo ndipo askari hukutana na mnyonge ana kwa ana.

Injili ya Luka yasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaamuru wavue sare. Aliwakataza kumnyang'anya mtu kwa nguvu au kumsingizia, na akawataka watosheke na mishahara yao. Kadhalika, enzi za Warumi askari aliweza kumlazimisha raia ambebee mzigo kwa maili moja, na Yesu akawafundisha wanafunzi wake waende hata ya pili. Askari asomaye maneno hayo na ajiulize: je, mimi ndiye nibebaye, au ndiye nitwikaye?

VIZUIZI VYA MWAKA 1994

Hatuwezi kuzungumza juu ya njia za Cyangugu na kunyamazia mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, barabara hizi hizi ziliwekwa vizuizi, na mtu aliulizwa kitambulisho ili ajulikane kama ataishi au atakufa. Wengi walishika njia ya kwenda Mibirizi, misioni iliyoanzishwa mwaka 1903, wakidhani kanisa lingewakinga; waliuawa huko mwezi Aprili. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa, na waliouawa pia. Hili ni jeraha ambalo kila Mkristo yampasa alitazame bila kugeuza uso, kama kuhani na Mlawi walivyogeuza uso kwenye njia ya Yeriko.

Watu wawili wenye sare walikuwa na mamlaka katika Cyangugu siku zile. Luteni Samuel Imanishimwe aliongoza kambi ya jeshi. Mwaka 2004 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani. Mwaka 2006 rufani ilimwondolea sehemu ya makosa na kupunguza kifungo chake hadi miaka 12, lakini ikathibitisha makosa ya mauaji, ya kuwafunga watu na ya kuwatesa. Wa pili ni Innocent Bavugamenshi, aliyeongoza jandarmeri. Wakimbizi walipohamishiwa kambi ya Nyarushishi, aliweka askari wake wawalinde, na wanamgambo walipokuja kuua walirudishwa. Maelfu ya watu walikuwa hai katika kambi hiyo mwishoni mwa Juni.

Serikali waliyoitumikia ilikuwa moja, na barabara walizozilinda zilikuwa zile zile. Bunduki nazo hazikutofautiana. Kilichotofautiana ni jibu la kila mmoja kwa swali ambalo Yesu alimwuliza mwanasheria mwishoni mwa habari ya Msamaria: ni nani aliyekuwa jirani?

Ndugu askari, barabara si mali ya anayeilinda; ni amana ya anayepita. Unaposimama zamu kwenye kizuizi, iwe Kamembe, Kigoma au Mombasa, kumbuka kwamba mtu ajaye mbele yako ana nyumba anakotoka na watu wanaomngojea. Kagua mzigo wake, kwa maana ndiyo kazi yako. Mwulize unalopaswa kumwuliza, kwa heshima. Ukiisha kuridhika, mfungulie njia bila kumtoza kitu, umwache afike kwake salama.