Kuku Bora ni Yupi?

Mwaka 1865, Waingereza walichapisha kitabu cha sifa za kuku wa asili safi: umbo lake, rangi ya manyoya yake. Sisi kipimo chetu kilikuwa jicho la mama, nalo lilimpenda tetea aatamiaye akalea vifaranga.

Leo, kule Kitale na Bungoma, kipimo kinageuka. Kuku walioboreshwa na watafiti wa Naivasha hupendwa kwa kutaga mayai mengi; ila ari ya kuatamia imepungua katika damu yao, na mara nyingi vifaranga sharti vinunuliwe.

Mayai ni riziki, alhamdulillahi. Lakini twawanasihi akina mama: bakisheni bandani tetea mmoja wa kienyeji, awe kishingo au kibwenzi. Mwekeeni mayai ya hao wapya, atawaangulia. Akitoweka yeye, mlezi tutamnunua wapi?