Wavuvi waliorudi Dhanushkodi

Kwenye ncha ya kisiwa cha Pamban, jimboni Tamil Nadu, kusini mwa India, zimesalia kuta za kanisa na za stesheni ya reli. Hapo Dhanushkodi ndipo abiria waliposhuka treni na kupanda meli ya kwenda Talaimannar, Sri Lanka. Usiku wa Desemba 22, 1964, kimbunga kiliizoa treni pamoja na abiria zaidi ya 100, na serikali ikatangaza kuwa mahali hapo hapafai kukaliwa. Wavuvi, ambao riziki yao imo katika bahari ile ile, walirudi. Wanaishi vibandani, na maji matamu huyapata kwa kuchimba mchangani, hatua chache tu kutoka ufukweni. Barabara iliyofunguliwa mwaka 2017 huleta watalii; kabla ya giza, wageni hutakiwa kuondoka.